Argosy: Jinsi ya Kulisoma Neno Adimu Katika The Merchant of Venice

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha insha ya mwanafunzi wangu aliyekuwa akisimulia safari yake ya Kwale. Aliandika kwa Kiingereza kwamba yeye na mjomba wake walivuka Likoni kwa argosy. Nilicheka, kisha nikajiuliza neno hilo amelitoa wapi. Kumbe alilitoa mahali pazuri: katika The Merchant of Venice, tamthilia ya William Shakespeare tuliyokuwa tukiisoma darasani. Alilikuta neno, akafungua kamusi, akaona kwamba ni aina ya meli, akaandika "meli" pembeni mwa ukurasa, akafunga kamusi. Kwake argosy ni meli, na feri pia ni meli. Mambo yakaishia hapo.

Sikumlaumu, kwa sababu alifanya lile tunalowaambia mfanye kila siku: tazama kamusi. Hata hivyo, wiki mbili baadaye niliwauliza katika mtihani wa majaribio kwa nini Antonio, tajiri anayeheshimika, anakopa pesa kwa Shylock. Mwanafunzi yuleyule akajibu kwamba Antonio ni bahili na hataki kutumia pesa zake. Hapo ndipo nilipoona hasara halisi. Aliyeandika "meli" pembeni mwa ukurasa hakujua utajiri wa Antonio uko wapi. Na asiyejua utajiri wa Antonio uko wapi hawezi kuelewa kwa nini anatia sahihi mkataba wa kukatwa nyama ya mwili wake.

Makala haya yanashughulikia neno hilo moja. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwani neno geni hueleweka upesi likielezwa kwa lugha unayoizungumza nje ya darasa. Lakini kumbuka kwamba majibu yako ya mtihani wa fasihi ya Kiingereza utayaandika kwa Kiingereza.

Maana ya neno

Argosy ni merikebu kubwa ya biashara, ya matanga, iliyosheheni shehena ya thamani. Wingi wake ni argosies. Mkazo huwekwa kwenye silabi ya kwanza.

Maana hiyo ina sehemu tatu, na zote ni muhimu:

(a) Ukubwa. Si mashua wala dau la mvuvi.

(b) Biashara. Si manowari, wala si chombo cha kuvusha abiria.

(c) Thamani ya shehena. Anayetaja argosy anataja pia mali iliyomo ndani yake.

Ukikosa sehemu yoyote kati ya hizi, umekosa neno. Mwanafunzi wangu wa Likoni alizikosa sehemu (b) na (c).

Muktadha unatuambia nini?

Hata bila kamusi, msomaji makini angeweza kufika karibu sana na maana hii. Rudi kwenye Tendo la Kwanza, Onyesho la Kwanza. Antonio ana huzuni asiyoijua chanzo chake. Rafiki yake Salarino, ambaye matoleo mengine humwita Salerio, anadhani anakijua. Anamwambia kwamba akili yake inayumbayumba baharini pamoja na argosies zake.

Sasa tazama vidokezo anavyoviacha Salarino. Anataja matanga yaliyotuna. Anavilinganisha vyombo hivyo na mabwana wakubwa na matajiri wa mji. Anasema wafanyabiashara wadogo, katika vyombo vyao vidogo, ni kama wanaoinama kwa heshima vinapopita. Baadaye kidogo anaeleza hofu ambayo yeye angekuwa nayo: mwamba ungeweza kupasua ubavu wa chombo, viungo vikamwagika majini na hariri ikaenea juu ya mawimbi.

Matanga yanatuambia ni chombo cha baharini. Kuinama kwa vyombo vidogo kunatuambia ni kikubwa. Viungo na hariri vinatuambia ni cha biashara na kimebeba mali ya bei kubwa. Sehemu zote tatu za maana zimo humohumo katika onyesho. Kamusi ikufuate, isikutangulie.

Asili ya neno

Hapa lazima nikiri kosa langu. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba argosy linatokana na Argo, jina la merikebu ya shujaa Jason katika visasili vya Kigiriki. Nilifundishwa hivyo nikiwa mwanafunzi, nami nikalipokeza bila kuhakikisha. Siku moja msichana wa Kidato cha Nne alinijia na kamusi kubwa ya maktaba mkononi akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, hapa wanasema vingine." Alikuwa sahihi.

Neno hili linatokana na jina la mji. Ragusa ulikuwa mji wa bandari katika Bahari ya Adriatiki, maarufu kwa merikebu zake za biashara na mshindani wa Venice. Leo mji huo unaitwa Dubrovnik, nao uko nchini Kroatia. Waitaliano walikiita chombo cha huko kwa jina lenye maana ya "cha Ragusa". Waingereza wa karne ya 16 walilichukua jina hilo na kulitamka kwa namna mbalimbali mpaka likawa argosy.

Jambo hili halipaswi kumshangaza msemaji wa Kiswahili. Wafanyabiashara wa Marekani walipoleta kitambaa cha pamba Unguja katika karne ya 19, watu walikiita amerikani au merikani, na jina la nchi likawa jina la kitambaa. Neno meli lenyewe tumelipata kwa Waingereza, kutokana na vyombo vilivyobeba barua. Manowari nalo tumelitoa kwao. Merikebu tumelipata kwa Waarabu. Maneno ya baharini husafiri pamoja na vyombo.

Kwa nini usumbuke na asili? Kwa sababu mbili. Kwanza, asili inathibitisha maana: neno lililotokana na mji wa wafanyabiashara ni neno la biashara. Pili, tamthilia yenyewe ina mtego. Bassanio anamlinganisha Portia na ngozi ya dhahabu aliyoitafuta Jason, na katika Tendo la Tatu Gratiano anajigamba kwamba yeye na Bassanio ndio Jason walioshinda ngozi hiyo. Watahiniwa wengi huona Jason, wakakumbuka Argo, wakaunganisha na argosy. Unaweza kusema kwamba maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti na kwamba yote mawili yanahusu safari ya kutafuta mali. Usiseme kwamba moja limezaliwa na jingine.

Neno likifuatwa katika tamthilia

Hii ndiyo sehemu ya makala ambayo ningependa uikumbuke hata ukisahau nyingine zote. Neno argosy halikutawanywa ovyo. Lifuate mahali pane, uone ni nani anayelitamka na kwa nini.

*Tendo la Kwanza, Onyesho la Kwanza.* Msemaji ni Salarino, rafiki. Analitumia kumsifu Antonio na kumfariji. Vyombo vyake ni fahari inayopita vingine vyote. Neno linabeba fahari.

*Tendo la Kwanza, Onyesho la Tatu.* Msemaji ni Shylock, mkopeshaji. Anahesabu mali ya Antonio: argosy moja iko njiani kuelekea Tripolis, nyingine inakwenda Indies, kisha amesikia katika soko la Rialto kwamba chombo cha tatu kiko Mexico na cha nne kimeelekea Uingereza. Mara baada ya kuhesabu anakumbusha kwamba merikebu ni mbao tu na mabaharia ni watu tu, na kwamba kuna maharamia, mawimbi, upepo na miamba. Chombo kilekile kilichokuwa fahari kinywani mwa rafiki sasa ni dhamana inayotiliwa shaka. Neno linabeba hesabu.

*Tendo la Tatu, Onyesho la Kwanza.* Msemaji ni Tubal, aliyetoka Genoa kumtafuta Jessica, bintiye Shylock aliyetoroka. Anamwambia Shylock kwamba amesikia argosy ya Antonio iliyokuwa ikitoka Tripolis imevunjika. Shylock anamshukuru Mungu. Neno linabeba hasara ya mmoja na furaha ya mwingine.

*Tendo la Tano, Onyesho la Kwanza.* Msemaji ni Portia. Kesi imekwisha na Antonio ameokoka. Anampa barua yenye habari kwamba argosies zake tatu zimefika bandarini salama, zikiwa na mali tele. Neno linabeba kurejeshwa.

Fahari, hesabu, hasara, kurejeshwa: huo ndio msuko wa hadithi ya Antonio. Ukilifuata neno moja kutoka mwanzo hadi mwisho, umeufuata ule uzi unaoshikilia tamthilia. Mwanafunzi aliyeandika "meli" pembeni mwa ukurasa wa kwanza na kuendelea hakuuona uzi huo.

Antonio hana pesa, ana merikebu

Turudi kwenye swali lililomshinda mwanafunzi wangu. Kwa nini Antonio anakopa?

Bassanio anahitaji pesa za kwenda Belmont kumposa Portia. Antonio anampenda na yuko tayari kumsaidia, lakini anamwambia wazi kwamba mali yake yote iko baharini. Hana fedha mkononi wala bidhaa za kuuza. Kilichobaki ni jina lake zuri mjini. Bassanio aende akaone jina hilo litapata nini. Jina hilo linapata dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu, na dhamana yake ni ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio.

Angalia sasa ukinzani ambao mtahini hufurahi sana kuuona katika jibu. Mwanzoni mwa onyesho lilelile, Antonio alikuwa amewaambia rafiki zake kwamba hana wasiwasi: mali yake haikutiwa katika chombo kimoja, haiko mahali pamoja, wala haitegemei bahati ya mwaka huu peke yake. Muda mfupi baadaye anamwambia Bassanio kwamba mali yake yote iko baharini. Je, alikuwa akiwadanganya rafiki zake? Au alikuwa akijidanganya? Huenda kauli zote mbili ni za kweli: vyombo ni vingi na vimekwenda njia mbalimbali, lakini bahari ni moja, na hatari zake zinavingoja vyote.

Halafu anatia sahihi bila hofu. Anamwambia Bassanio kwamba katika miezi miwili, yaani mwezi mmoja kabla ya mkataba kuisha, anatarajia kupokea mali yenye thamani mara tisa ya deni. Mara tisa ya dukati 3,000 ni dukati 27,000. Huyu si bahili. Ni mtu anayehesabu mali ambayo haijatia nanga.

Msomaji wa Pwani ataielewa hali hii haraka. Majahazi yaliyokuwa yakija Lamu na Mombasa kutoka Uarabuni yalikuja na upepo wa kaskazi na kurudi na wa kusi. Mwenye mali alingoja miezi mingi bila simu na bila habari. Chombo kingeweza kuwa kimezama zamani naye bado anakihesabu. Ndiyo maana bahari imeingia katika misemo yetu: mambo yakiharibika tunasema yameenda mrama, kama chombo kinavyoyumba, na wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Antonio angeielewa methali hiyo vizuri.

Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. *Kueleza neno kwa neno moja.* Jibu la "meli" peke yake halionyeshi kwamba umelielewa neno kama lilivyotumika. Taja ukubwa, biashara na mali.

2. *Kukisia kutokana na hisia za onyesho.* Kwa kuwa onyesho la kwanza linazungumzia huzuni ya Antonio, kuna wanaoandika kwamba argosies ni mawazo mazito au huzuni. Ni kweli kwamba Salarino anahusisha vyombo na huzuni hiyo. Lakini Antonio mwenyewe anakana kwamba bidhaa zake ndizo zinazomhuzunisha. Tenganisha maana ya neno na dhana ya mhusika.

3. *Kuchanganya vyombo.* Chombo kilichovunjika kilichotajwa na Tubal kilitoka Tripolis. Chombo kinachozungumziwa na Salarino mwanzoni mwa onyesho hilohilo kinasemekana kimeangamia kwenye mchanga hatari wa Goodwins, karibu na pwani ya Uingereza. Ni habari mbili.

4. *Kusahau Tendo la Tano.* Wengi huandika kwamba Antonio alipoteza kila kitu milele. Kufikia mwisho, vyombo vitatu vimerudi. Na Portia anakataa kueleza barua hiyo aliipataje. Jibu zuri linaweza kuuliza ikiwa mwisho huu unaaminika au umerahisishwa mno.

5. *Kulitumia neno katika insha ya kawaida ili kumvutia mtahini.* Hili linahitaji sehemu yake.

Neno hili hutumiwa wapi leo?

Argosy ni neno la kifasihi. Huwezi kulikuta katika ripoti ya bandari ya Mombasa. Huko wanasema meli ya makasha au meli ya mizigo. Utalikuta katika mashairi, katika riwaya zinazosimulia nyakati za kale, na katika majina. Nchini Marekani, kwa mfano, jarida la hadithi lililoanzishwa mwaka 1882 kwa jina The Golden Argosy lilikuja kuitwa Argosy tu.

Jina hilo la jarida linatuonyesha maana ya pili iliyozaliwa na ile ya kwanza: hazina au akiba tele ya kitu kizuri. Jarida ni kama merikebu iliyosheheni hadithi. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuuita ubongo wa bibi mwenye ngano nyingi argosy ya masimulizi. Hapo hakuna maji wala matanga, lakini ukubwa na thamani ya shehena vimebaki. Linganisha na tunavyosema kwa Kiswahili kwamba mzee fulani ni hazina ya methali.

Kwa hiyo kabla ya kulitumia, jiulize: Je, ninaandika kwa mtindo wa kifasihi? Je, ninachokitaja ni kikubwa na kimejaa vitu vya thamani? Jibu likiwa "la" kwa swali lolote kati ya hayo, tumia neno la kawaida. Feri ya Likoni, kwa heshima zote, ilikuwa imebeba mjomba, matatu mbili na magunia ya nazi. Iite feri.

Hatua nne za kulisoma neno lolote adimu

Mbinu tuliyoitumia hapa itakufaa kwa maneno mengine magumu ya tamthilia hii.

*Hatua ya kwanza: kisia kwa ushahidi.* Kusanya vidokezo vilivyo kandokando ya neno kabla ya kugusa kamusi. Andika ukisio wako kwa penseli.

*Hatua ya pili: hakikisha.* Fungua kamusi na usome maelezo yote, si neno la kwanza tu. Tazama kama kuna alama inayoonyesha kwamba neno ni la kale au la kifasihi.

*Hatua ya tatu: badilisha.* Weka neno la kawaida mahali pake uone kinachopotea. Ukiweka "mashua" mahali pa argosies katika maneno ya Salarino, fahari yote inatoweka, na vyombo vidogo havina cha kuinamia.

*Hatua ya nne: fuata.* Andika kila mahali neno linaporudi na nani analitamka. Neno likirudi mara kadhaa, huenda limebeba maudhui.

Ukipata nakala ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, kuna zoezi zuri sana. Tafuta mahali pane tulipopataja, uone ametumia neno gani la Kiswahili. Kisha jiulize kama wewe ungechagua meli, jahazi au merikebu, na kwa nini. Mimi ningechagua merikebu, kwa kuwa lina ukubwa na lina harufu ya zamani. Lakini mwanafunzi wa Lamu aliwahi kunitetea jahazi kwa hoja nzito, nami nikampa alama zake zote.

Maswali ya marudio

1. Eleza maana ya neno argosies kama lilivyotumika na Salarino katika Tendo la Kwanza, Onyesho la Kwanza. (alama 2)

*Mwongozo:* Merikebu kubwa za biashara (alama 1) zilizobeba shehena ya thamani ya Antonio (alama 1). "Meli" peke yake isipewe zaidi ya alama moja.

2. Linganisha jinsi Salarino na Shylock wanavyozitazama merikebu za Antonio. (alama 4)

*Mwongozo:* Salarino anaona ukuu na heshima. Pia anakiri hatari, lakini kwa huruma ya rafiki. Shylock anaona dhamana ya mkopo. Anahesabu vyombo na hatari zake ili ajue kama mdaiwa ataweza kulipa. Ili kupata alama zote, jibu litaje pande zote mbili na litoe ushahidi kutoka kila onyesho.

3. "Bahari ndiyo inayoamua hatima ya Antonio." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea tamthilia ya The Merchant of Venice. (alama 20)

*Mwongozo:* Anza na utangulizi mfupi kuhusu Antonio kama mfanyabiashara anayetegemea bahari. Kisha toa hoja nne zilizokamilika, kwa mfano: mali iliyoko baharini inamlazimu kukopa, matumaini ya vyombo kurudi yanamfanya akubali masharti hatari, habari za kuvunjika kwa vyombo zinampa Shylock nafasi ya kulipiza kisasi, kurudi kwa vyombo vitatu kunamrejeshea maisha yake. Mtahiniwa anayeongeza kwamba katika mahakama kilichomwokoa ni akili ya Portia, wala si bahari, anaonyesha uelewa wa juu, mradi arudi kwenye kauli ya swali. Malizia kwa hitimisho linalotokana na hoja zako.

Mwanafunzi wangu wa Likoni alilijibu swali la tatu katika mtihani wa marudio, muhula uliofuata. Katika insha yake nzima alilitumia neno argosy mara moja tu, akimzungumzia Tubal, na alilitumia sawasawa.